Nyusi za Njano Ndani ya Eda

Asha wa kiti cha pili pale saluni ameniuliza swali kwenye kundi letu la simu. "Bibi, kuna mteja anataka kublichi nyusi. Nimfanye au nimwache? Faida yake nini na hasara yake nini?" Akamalizia na vikatuni vya kucheka. Wenzake wakajibu palepale, kila mmoja na lake. Mie nilisoma, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka, nikaenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mabinti wanadhani bibi kachelewa kujibu kwa sababu ya macho. Macho yangu hayana neno. Ni aibu tu ndiyo iliyonichelewesha, na leo nimeamua kuiandika kwa kirefu ili iishe.

Mnajua nimeiacha saluni baada ya Maulidi haya yaliyopita. Magoti yamekataa kusimama kutwa. Nilipandaje kutoka kuosha vichwa hadi kushika funguo, na nililipwaje, sitayaandika hapa, maana hayamfundishi mtu kazi. Nitaandika nilivyofunzwa, nilivyoona, na lile lililonipata mwenyewe. Mkimaliza kusoma, Asha atakuwa amepata jibu lake.

Nilianzia Bungu, barazani kwetu, nikiwasuka majirani mitindo ya vitunguu na twende kilioni kwa kitana cha mbao. Nilijiona fundi. Nilipoolewa Kibiti na Shabani, fundi mwashi mzaliwa wa Umwe, nikaenda kuomba kazi saluni ya Mama Rehema karibu na stendi. Mama Rehema alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuwashinda wapiga debe. Alinitazama kuanzia kandambili hadi mtandio.

"Unajua kusuka?"

"Najua, mama."

"Basi shika ufagio."

Siku yangu ya kwanza nzima nilifagia nywele za watu na kufua taulo. Siku iliyofuata nikachemsha vitana. Nilirudi nyumbani nimenuna, Shabani akaniambia hata yeye alianza kwa kubeba zege, na kwamba mwiko hapewi mtu siku ya kwanza labda awe mtoto wa mwenye nyumba. Akacheka peke yake. Shabani alikuwa na tabia ya kuchekea maneno yake mwenyewe, tena kabla hajayamaliza.

Mama Rehema alinifunza kazi kwa kunigombeza. Dawa usiichanganye kwenye bakuli la bati, tumia la plastiki. Usiipime kwa macho. Usimpake mteja aliyetoka kujikuna. Kabla ya dawa yoyote kali, paka tone nyuma ya sikio, mwache mteja akae, apige soga, asukwe hata nusu ya kichwa, kisha rudi utazame. Pakiwa pamevimba au panawasha, mwambie dawa imeisha dukani, aende salama. Na kubwa kuliko yote lilikuwa hili, ambalo alilisema kila akichukua mtu mpya: "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya kichwa aijuaye msusi. Ukiona upara, hukuona. Ukiona chawa, hukuona." Nililishika neno hilo. Nina vichwa vya nusu ya Kibiti kifuani mwangu na nitazikwa navyo.

Sasa nyusi. Nyinyi mnadhani blichi ya nyusi imeletwa na simu. Wapi! Kwetu ililetwa na makungwi. Zamani hizo bibi harusi akija kupambwa, wenye mitindo walitaka atindwe nyusi kwa wembe au uzi, zibaki nyembamba kama mwezi mwandamo. Kungwi wake amekaa pale pale kwenye benchi, mkono kwenye shavu: "Nyusi za mwanangu hazinyolewi. Mtume kakataza. Mtamtia laana usiku wa harusi." Bibi harusi analia, anataka kupendeza. Mama Rehema akatafuta njia katikati. Badala ya kung'oa vile vinywele vya pembeni vinavyoharibu umbo, alivipaka blichi vikafifia, vikafanana na ngozi. Katikati pakabaki peusi palipochongeka vizuri. Nywele hazikung'olewa hata moja. Kungwi anatazama, anatazama tena, anashindwa pa kushika. Masheikh nao wana kauli zao, wapo walioruhusu na wapo walionuna, na mie si sheikh. Ila makungwi walianza kutuletea mabibi harusi hata kutoka Ikwiriri.

Kwa hiyo Asha, faida ya kwanza ndiyo hiyo: unapata umbo bila wembe, bila uzi, bila maumivu, na mtu asiyependa kunyoa hanyoi. Faida ya pili, mwenye nyusi nzito zilizokutana katikati kama mtu aliyenuna tangu kuzaliwa, ukizififisha kidogo uso unafunguka. Nilikuwa na mteja muuza maandazi, mwanamke mpole jamani, lakini watoto wakimkimbia kwa sababu ya nyusi. Tulipomfifisha akaja kunishukuru na maandazi ya moto. Faida ya tatu, usipoipenda, inaota yenyewe. Nywele mpya hazijui habari ya dawa.

Hasara zipo, tena nyingine hazimo kwenye maelezo ya kopo. Tulikuwa na bibi harusi mmoja, tukamfifisha Alhamisi, akaondoka kama malaika. Kumbe nyumbani somo yake kamwandalia singo ya kung'arisha ngozi, na singo ya kwao ina manjano kama mchuzi. Wakamsugua mwili mzima hadi usoni. Nywele iliyopigwa blichi ni kama kitambaa cha pamba, inanywa rangi yoyote inayopita karibu. Ijumaa asubuhi wakamleta amefunikwa kanga. Tulipomfunua, lo! Mdomo wa kila mtu ukabaki wazi. Zile pembe za nyusi zilikuwa njano ya kuwaka, na mama yake anapiga kelele kwamba tumemroga. Mama Rehema alimwosha, akamwosha tena, mwisho akamkoleza kwa wanja hadi ikafichika. Toka siku hiyo swali letu la kwanza kwa bibi harusi lilikuwa, "Singo lini?" Hata wewe Asha uliza, usione haya.

Mwingine alijifanyia mwenyewe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Habari zake sitaki kuzisimulia sana. Ngozi ilitoka, na upande wa kushoto nyusi haikuota tena mpaka leo. Akija nilikuwa namchorea upande huo kabla hajakaa vizuri, tusizungumze.

Na hasara ndogondogo ni hizi: jua letu na jasho vinaigeuza kuwa rangi ya chungwa. Mizizi inatokea haraka, unakuwa na mistari miwili. Na nyusi ukizififisha zote kabisa, uso haujui tena kukasirika. Unamgombeza mtoto, naye anakucheka.

Hapa ndipo ningependa kuweka kalamu chini. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimempa Asha maneno ya kopo.

Kulikuja mtindo wa kubadilisha nyusi nzima. Kwanza unaiondolea weusi kwa blichi, inakuwa njano, kisha juu yake unapaka rangi ya kahawia inayoendana na ngozi. Hatua mbili. Wateja waliuliza, lakini hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Mama Rehema akasema wafanyakazi wa saluni ndio kibao cha saluni, akanitazama mie. Nyusi zangu zilikuwa nzito na zilijaa. Nikakubali. Nilipenda, nisiseme uongo. Nilikuwa mwanamke wa makamo, sina mtoto, mume wangu mchana kutwa yuko na matofali, na mtu akitaka kunigeuza kibao nikaona raha.

Tulifanya alasiri. Alinipaka mafuta ya mgando kuzunguka nyusi, akaikoroga dawa kwa maji yake, yale dhaifu kabisa yasiyounguza ngozi, akaipaka kwa kijiti cha masikio, akaniambia nisicheke wala nisifumbue macho. Ilinyonyota kidogo. Akaifuta kwa pamba yenye maji, hakumwaga maji, maana yangeingia machoni. Nikajitazama kwenye kioo. Yalaa! Alinitazama mtu nisiyemjua, mwenye nyusi za kifaranga.

"Lete kahawia," nikasema.

Mama Rehema akafungua kabati, akafunga. Akafungua tena. Kahawia ilikuwa imeisha. Tulikuwa tumeagiza Dar na ilikuwa ije na basi la asubuhi. "Si usiku mmoja tu," akasema. "Nani atakuona? Vaa mtandio ushushe." Nikashusha mtandio hadi puani, nikapita stendi kama mwizi.

Shabani alikuwa amekaa mlangoni anavua viatu vyenye simenti. Nilitaka kumpita, akanishika pindo. Akaufunua mtandio. Kile kicheko chake kikaanza tumboni, kikapanda, akawa anajipiga paja na kukohoa.

"Hawa, mke wangu, hizi umenunua au umekodi?"

Nikamwambia kesho zitapakwa kahawia, aache ujinga. Akachukua taa akaisogeza usoni mwangu, akacheka upya. Mambo ya chumbani ya mtu na mumewe hayaandikwi, nami siyaandiki. Ila niseme kwamba alizipenda zile nyusi, na kwamba miaka mingi ilikuwa imepita hatujacheka vile. Alfajiri akajiandaa kwenda Bungu, walikokuwa wanajenga nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Bado kulikuwa na giza. Akasimama mlangoni na mfuko wake wa zana, akasema, "Usizipake leo. Nitawahi kurudi nizione juani." Akaondoka anacheka.

Akaanguka kule Bungu kabla ya adhuhuri. Wenzake walisema alikuwa amesimama, mwiko mkononi, akakaa chini kama anayepumzika, hakusema kitu. Ile kahawia ilikuwa imeshafika na basi. Mama Rehema ameshaifungua, mie nimeshakaa kitini, nasitasita kwa lile ombi la Shabani, ndipo mtu akaja na habari.

Innalillahi. Sikukumbuka nyusi. Mtu aliyefiwa hakumbuki hata kama amevaa viatu. Nilikumbuka pale maiti imeshaletwa nyumbani, wanawake wamejaa chumbani, mama mkwe wangu kafika kutoka Umwe. Akainama kunikumbatia, mtandio wangu ukateleza. Kilio kilikatika chumba kizima. Mnajua msiba unavyokuwa, hata kilio kikipungua kuna mmoja anaendeleza. Siku ile hakuna aliyeendeleza.

Wifi yangu Hadija, mdogo wake Shabani, ndiye aliyesema. "Ebo! Wifi, ndiyo nini hii? Kaka yangu yuko juani anabeba matofali, wewe unajigeuza kwa ajili ya nani?"

Kwa ajili ya nani. Neno hilo lilipita chumbani kama sahani ya tende, kila mtu akachukua. Mama mkwe akanyoosha mkono, akanifunika mwenyewe. Kisha akaniuliza lile swali ambalo kila mama wa maiti huliuliza, "Mwanangu aliondoka na neno gani? Alikuachia neno gani?"

Ningejibu nini? Watu wengine hutoka duniani na shahada mdomoni, wengine na wosia, wengine na "nisameheni." Wangu aliondoka na "nitawahi kurudi nizione juani." Niliseme hilo mbele ya mama yake, maiti iko chumba cha pili, wanawake wa Umwe na wa Kibiti wamenitumbulia macho? Mkwe na mama mkwe wana mpaka wao. Mambo ya mume alivyompenda mkewe hayapiti mpaka huo, hata siku ya furaha. Nilisikia masikio yanawaka moto. Nikasema, "Aliaga tu, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini. Nilimwona alivyokaa. Alikaa kama mtu aliyenyimwa.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, kanga kuukuu, hakuna hina, hakuna marashi, hakuna wanja. Na hapo ndipo lilipo jambo ambalo hakuna msusi aliyenifunza. Mjane haruhusiwi kujipamba. Kwa hiyo siwezi kuzitia nyusi rangi ziwe nyeusi, kwa sababu rangi ni pambo. Lakini zile za njano nazo ni pambo, tena pambo linaloonekana kuliko nyumba ya jirani. Nikizipaka ninajipamba, nikiziacha nimejipamba.

Mama Rehema alikuja siku ya hitima na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, kwenye kikopo amekificha kwapani. "Mwenzangu, nikupake haraka tumalize," akaninong'oneza. Harufu ya piko mnaijua. Hadija akaja mbio. Wakabishana kwa kunong'ona, mmoja anasema hili si pambo ni kuondoa pambo, mwingine anasema piko ni piko. Mwisho mama mkwe akaagiza aulizwe mwalimu wa madrasa. Mwalimu akaletwa nje ya pazia. Maskini, alikuwa kijana, hajaoa.

"Nyusi zipi hizo?" akauliza.

"Za mjane," akajibu Hadija.

"Zina nini?"

"Zina njano, mwalimu."

Tukasikia anakohoa. Akauliza kama ni maradhi. Hadija akasema si maradhi, ni saluni. Mwalimu akakohoa tena, akasema kwa jinsi anavyojua yeye mjane aziache zilivyo, zitaota zenyewe, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Kisha tukasikia kandambili zake zinaondoka kwa kasi. Leo naweza kucheka. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke.

Hivyo nikakaa eda nikiwa na nyusi za kifaranga. Kila aliyekuja kunipa pole alinitazama juu ya macho, kisha chini haraka. Waliokwishanipa pole walirudi na shoga zao waliokuwa hawajaziona. Maneno ya Hadija yakatoka nje, yakaenda sokoni, yakarudi yamenenepa. Ikasemwa kulikuwa na dereva wa basi. Ikasemwa Shabani alikufa kwa hasira baada ya kugundua. Na mie mwanamke niliyenyimwa mtoto, sikuwa na kitu kingine cha kunishikiza kwenye ukoo wa Umwe isipokuwa jina jema. Jina hilo likiondoka, nikitoka eda nitafungiwa mlango. Na saluni nayo ingenikataa. Kungwi gani ampeleke bibi harusi kwa mwanamke anayejipamba mumewe akifa? Mama Rehema alinificha, lakini nilijua, makungwi walikuwa wameshaanza kupitiliza mlango wake.

Dawa ya yote hayo ilikuwa mdomoni mwangu. Ningesema tu, "Aliziona, alizipenda, aliniambia nisizipake." Lakini kila nikitaka kusema nasikia nitakavyosikika. Mjane anajisifia kwamba mumewe alimpenda kwa nyusi. Nikanyamaza. Aibu ina nguvu kuliko njaa, mwanangu Asha. Njaa huwa inamfanya mtu aseme.

Mama mkwe hakuondoka. Alilala chumba kimoja nami muda wote wa eda. Alinipikia uji, alinichotea maji, hakuniuliza tena. Ila nikiwa naswali, au nikila, nilikuwa nikimkamata ananitazama nyusi. Nywele nyeusi zikaanza kuota chini, zikisukuma zile za njano. Nilidhani anazichukia, anangojea ziishe asinione na alama ya uovu. Nikawa nageuza uso ukutani.

Siku ya kutoka eda wakanitoa, nikaoga, nikavishwa nguo mpya. Wanawake wachache walikuja, wakala wali, wakaondoka. Tulibaki mie na mama mkwe mkekani, na Hadija yuko mlangoni anaosha masufuria, ametupa mgongo. Mama mkwe alikuwa ameninunulia wanja. Akafungua kichupa, akanishika kidevu, akaanza kunipaka mwenyewe. Alipomaliza upande mmoja akausimamisha mkono.

"Mkaza mwanangu," akasema, "za njano zimebaki ncha tu. Zikiisha sitakuwa na la kuulizia. Shabani aliziona hizi?"

Nikasikia masufuria yamenyamaza mlangoni.

Ningeweza kusema hapana. Neno moja, yaishe. Lakini alikuwa amenishika kidevu, na macho yake yalikuwa karibu sana, nikaona kwamba hakuwa ananihukumu. Alikuwa anaomba.

"Aliziona, mama."

"Akasemaje?"

"Mama, ni aibu."

"Aibu yako nitaibeba mie. Mwanangu alisemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama mkeka. Kwamba alinifunua mtandio, akauliza nimenunua au nimekodi. Kwamba alicheka. Kwamba asubuhi alisimama mlangoni na mfuko wa zana, akasema nisizipake, atawahi kurudi azione juani. Kwamba hilo ndilo neno lake la mwisho, na si jambo la heshima kulisema kwenye msiba, ndiyo maana nililificha.

Akakiweka kichupa cha wanja chini. Nikadhani nimemuua. Kisha akauliza, "Alicheka vipi?"

"Kama alivyokuwa akicheka, mama."

"Vipi? Nionyeshe."

Mie mwanamke mtu mzima, nimetoka eda siku hiyo hiyo, nguo mpya, wanja upande mmoja. Nikacheka kicheko cha mwanawe. Nilikianzia tumboni kama yeye, nikakipandisha, nikajipiga paja, nikakohoa pale mwisho. Sijawahi kuona haya vile, na sidhani nitaona tena. Mpaka leo nikiandika hapa, peke yangu chumbani, nimejifunika uso na upindo wa kanga. Nilipomaliza, mama mkwe alikuwa amefumba macho na machozi yanamteremka, na mdomo wake unacheka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Hadija akaacha masufuria yake, akaingia na mikono ina povu, akakaa chini pembeni ya mkeka bila kunitazama.

"Wifi," akasema, "mie nilikuwa mbali. Sikusikia vizuri."